Tuta Chini ya Mjozi

Jumatatu, 4 Mei 1959

Barua imefika! Kutoka kwa Mama Mkubwa Zelpha, mjini Springfield. Karatasi ya waridi, mwandiko ulionyooka kama uzio wa waya. Anakuja Jumamosi tarehe 30, Siku ya Kupamba Makaburi, kusafisha kaburi la mdogo wake, yaani Mama yangu. Halafu atakuja hapa nyumbani kutazama pale chini ya mti. Kama bado ni upara, atarudi Springfield pamoja nami. Moja kwa moja.

Pale chini ya mti! Alipokuja Pasaka alisimama dirishani jikoni, akatazama udongo mtupu chini ya mjozi wetu mweusi, ule mti wa kokwa za jozi, akasema nyumba isiyoweza kuotesha hata ua moja haiwezi kulea mtoto wa kike. Nilidhani ni maneno ya Pasaka tu. Kumbe alikuwa ananipa mtihani.

Nimemsomea Baba barua wakati wa chakula. Baba husema maneno kama kumi kwa siku, na sita ni ya ng'ombe. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta sahani kwa kipande cha mkate wa mahindi, akatoka kwenda kumtazama ng'ombe. Ng'ombe hakuwa na tatizo lolote.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Hilo linaniogopesha kuliko barua yenyewe.

Nilikaa Springfield wiki mbili mwaka juzi, Mama alipofariki. Viti vimevishwa plastiki. Mafuta ya ini la samaki kila asubuhi. Saa ya ukutani hukohoa kabla ya kugonga. Na chumbani kwangu kuna picha ya babu mwenye ndevu ambaye macho yake yananifuata hata nikiingia uvunguni. Nilijaribu.

Siku ishirini na sita zimebaki. Nina miaka kumi na miwili na nilikuwa wa kwanza darasani katika insha. Mpango wa Kwanza: maua. Mengi. Chini ya mjozi. Haliwezi kuwa jambo gumu. Hata jirani yetu Twila Stroud anaotesha maua.

Jumatano, 6 Mei

Nilikwenda kwa Bibi Hulda Brixey, ng'ambo ya barabara. Bibi Hulda ndiye anayegawa miche bonde zima. Alinipa petunia sita, mizizi imefungwa katika gazeti lililolowa maji. Nikasema asante. Nikasema tena nilipofika kwenye geti. Nikageuka barabarani nikasema mara ya tatu.

Bibi Hulda akajipiga aproni kwa viganja viwili. Akasema nimeshaziua!

Ni kweli. Kila mtu katika bonde hili anajua kwamba mche haushukuriwi. Ukipewa mche unapokea, unazungumzia hali ya hewa, unaondoka. Ukiushukuru unakauka. Mimi pia najua. Lakini Mama alikuwa mtu wa Springfield, na alinifundisha kusema asante kabla hajanifundisha kutembea. Mdomo wangu hunitangulia.

Nilimwomba radhi. Kisha nikamshukuru kwa kunikumbusha. Bibi Hulda akatafuta kiti.

Nimezipanda hata hivyo, mstari mmoja ulionyooka. Baba alipita na ndoo. Akasimama. Akatazama petunia, akatazama mti juu, akafungua mdomo. Nikangoja. Akaufunga, akaenda zake.

Jumamosi, 9 Mei

Petunia zote zimekufa. Zimelala upande mmoja kama watu waliopigwa na upepo uleule.

Twila Stroud aliegemea uzio wetu akitafuna bua la nyasi. Petunia zake yeye ziko ndani ya tairi la trekta lililopakwa chokaa, na zinafurika. Aliniuliza kama niliyapanda maua yale au niliyanyonga. Jibu zuri nililipata saa tatu baadaye, nikikamua ng'ombe. Nimeliandika mahali pengine.

Hofu yangu ni hii: wiki moja imeisha na nina makaburi sita tu ya petunia.

Mpango wa Pili: nitapokea mche bila kushukuru. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Taya limekazwa, macho yanatazama mawingu.

Jumanne, 12 Mei

Mpango wa Pili umekaribia kabisa kufaulu!

Bibi Hulda alinipa miche sita ya nyanya. Aliniambia nyanya si ua, lakini huchanua, na Zelpha hawezi kukataa kwamba njano ni rangi. Nilipokea. Nilikaza taya. Nikasema mvua inaweza kunyesha. Bibi Hulda akasema safi sana, endelea hivyohivyo, nenda nenda nenda.

Nilifika kwenye geti bila neno. Mbwa wake alikuwa amelala njiani. Akainuka kunipisha. Nikamwambia asante.

Niliuliza kama asante ya mbwa inahesabika. Bibi Hulda alimtazama mbwa. Akasema inategemea ulikuwa umeshika nini mkononi.

Jumamosi, 16 Mei

Inahesabika. Saa sita mchana nyanya zote sita zilikuwa zimenyauka, majani yamejikunja kama ngumi. Nilizimwagia maji. Zilikufa zikiwa na maji mengi.

Siku kumi na nne. Nimeanza kuisikia ile saa ya Springfield ikikohoa ninapokula.

Mpango wa Tatu unanitia aibu, lakini shajara lazima iseme kweli. Inajulikana kwamba mche ulioibwa hukua kuliko wote, kwa sababu hakuna aliyeshukuru. Nimefundishwa amri ya nane, usiibe. Kwa hiyo nilikwenda kumwomba Bibi Hulda ruhusa ya kumwibia. Alikubali. Tukapanga saa kumi jioni.

Saa kumi alikaa barazani, amenipa mgongo. Alitangaza kwa sauti kubwa kwamba haoni kitu. Akatangaza kwamba sepetu ndogo iko kwenye ngazi. Akatangaza kwamba kama kungekuwa na mwizi, na hakuna, mwizi huyo angekuwa mjinga kuchukua azalia ya kulia na kuacha ile nzuri ya kushoto. Nikachukua ya kushoto. Niliacha chini ya jiwe barua ya kukiri kosa, nimetia sahihi.

Nilipofika nyumbani nikakumbuka neno la mwisho la barua ile: asante. Nilikimbia kurudi. Nikaiba barua pia. Bibi Hulda bado alikuwa amenipa mgongo, mabega yanamtikisika.

Jumatano, 20 Mei

Azalia imekuwa ya kahawia. Sasa nina dhambi na sina ua.

Leo Bibi Hulda alivuka barabara mwenyewe na fimbo yake, kuja kuona miche yake inafia wapi. Macho yake si mazuri, ilibidi ainame. Akaona mzizi. Akaona maganda ya jozi ya mwaka jana. Akainua uso polepole, akatazama matawi, akacheka mpaka akaushika mti asianguke.

Siku zote hizi alidhani napanda kando ya banda la kuku!

Akasema chini ya mjozi, mwanangu? Chini ya mjozi mweusi? Huu mti ni mchoyo kuliko marehemu mume wangu. Mizizi yake inatoa sumu, majani yake yanatoa sumu, yale maganda yanayotutia vidole weusi kila vuli ndiyo sumu yenyewe. Nyanya hufa. Viazi hufa. Kabichi, petunia, azalia, zote. Hata peoni hukaa miaka na kugoma kuchanua.

Niliuliza kama basi haikuwa asante. Akasema asante haikusaidia.

Kwa hiyo nina maadui wawili.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mama alipanda hapahapa misimu mitatu ya kuchipua, mimi nikiwa bado sijatembea. Alitaka ua moja la kutazama akiosha vyombo. Kila mara alirudi kwa Bibi Hulda kuomba miche mingine, na kila mara alishukuru.

Nilikaa chini ya mti muda mrefu. Sikupanga chochote.

Jumapili, 24 Mei

Nimepata tumaini, kisha nimelipoteza, yote kabla ya chakula cha jioni.

Bibi Hulda alinishauri niende bondeni nitazame kinachoota chenyewe chini ya mijozi ya mwituni. Alisema kinachokaa pale hakikuombwa na mtu, kwa hiyo kinapataka. Pia nilikuwa nimeandika barua kwa bwana shamba wa wilaya, na jana alinitumia kikaratasi.

Baada ya kanisa nilikwenda bondeni na daftari. Chini ya mijozi kumejaa! Kangaga. Vijiua vya rangi ya urujuani vyenye majani kama mioyo. Floksi ya mwitu. Mmea mrefu uliopinda kama mtu anayesoma, ambao huning'iniza kengele nyeupe tumboni. Kikaratasi kinasema vilevile, na kinaongeza mayungiyungi ya siku moja, yale ya rangi ya machungwa yanayoota mitaroni. Yote haya hukaa na mjozi bila ugomvi. Nilikuwa karibu kulia kwa furaha.

Lakini floksi imekwisha kuchanua. Vile vya urujuani vimekwisha. Kengele zimedondoka. Mayungiyungi hayajaanza. Kangaga haina ua kabisa, maskini. Nikiyahamisha leo nitapata majani tu mpaka mwakani. Mwakani nitakuwa Springfield nikinywa mafuta ya ini. Mama Mkubwa Zelpha hakuandika “majani”.

Nimeyaacha yote bondeni.

Ila kikaratasi kina mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo: anayelazimika kupanda mimea mingine chini ya mjozi ainue udongo mpya, afanye tuta la juu, mizizi isikutane. Tuta! Huo ndio Mpango wa Nne.

Nimemtumia bwana shamba kadi ya shukrani. Nimeshaiposti. Sasa naogopa kwamba ushauri wake umeharibika.

Alhamisi, 28 Mei

Baba ameondoka alfajiri kwenda kupakia magogo kwenye kiwanda cha mbao, upande wa pili wa wilaya. Atarudi Jumamosi asubuhi. Aliniagiza: lala kwa Bibi, wengine wasijue nyumba iko tupu. Maneno manane kwa mpigo! Nilitaka kumuuliza la tisa: kama angependa nibaki. Gari likawaka.

Nimefanya tuta. Udongo wa zizini, toroli thelathini na moja. Nilipima kwa mlango wa zamani ulioegemea banda: urefu wa mlango, upana wa mlango. Nimelirundika likapanda mpaka magotini, nikalilainisha ubavuni kwa mgongo wa sepetu, nikalizungushia mawe meupe ya kijitoni. Sijawahi kufanya kitu nadhifu namna hii.

Lakini siku mbili hazioteshi chochote. Nikapata wazo ambalo nadhani ni bora kuliko yote maishani mwangu. Kila mwaka makaburini tunafanyaje? Tunachukua chupa za kuhifadhia matunda, tunazizamisha mpaka shingoni, tunajaza maji, tunatia maua yaliyokatwa, na yanasimama kana kwamba yameota pale. Bibi Hulda ameniruhusu nikate peoni na irisi za nyuma ya nyumba yake. Chupa kumi na mbili, safu mbili!

Na sifa zote nitampa Baba. Mama Mkubwa humwita gogo. Akiona kwamba gogo limepanda maua, atafikiri upya. Nimechonga kibao, nimekisimika upande wa mbele. Mstari wa juu: “Tuta hili limeandaliwa na.” Chini yake, kwa herufi kubwa: ORVILLE TACKETT. Chini kabisa: 28 Mei 1959.

Twila alipita nilipokuwa nakigongelea. Nilingoja matusi. Hakuna! Alitazama tuta, akatazama kibao, akanitazama mimi. Aliniuliza kwa sauti ndogo baba yangu yuko wapi. Nikakumbuka maagizo. Nikapiga udongo kwa sepetu nikamjibu kwamba Baba yuko hapahapa, hajaenda popote.

Twila alirudi kinyumenyume mpaka barabarani. Ameshindwa!

Ijumaa, 29 Mei

Maua yote yamewekwa. Peoni zimefunguka kwa joto, kubwa kama kabichi, nyekundu na nyeupe. Zimefunika mstari wa juu wa kibao, lakini jina la Baba linaonekana vizuri, na tarehe.

Sikujua kwamba bustani inaweza kugusa watu kiasi hiki. Kila gari linapunguza mwendo. Bwana Stroud, babake Twila, alishuka katika trekta akavua kofia. Mke wake alijifuta macho kwa leso. Niliwapungia mkono. Wakaangaliana.

Mchana nilikuta paja zima la nguruwe la kuoka limeachwa barazani, limefunikwa kitambaa safi. Bila barua. Nilishukuru hewa, kisha nikaingiwa na hofu. Watu hawagawi nyama hivihivi.

Bibi Hulda alikuja kukagua. Aliinama mpaka pua ikagusa kibao. Aliniuliza nani mwingine ameona. Nikasema bonde zima. Akakohoa ndani ya aproni mpaka nikamletea maji. Nikamuuliza nibadilishe nini. Akasema usibadilishe hata jiwe moja, mwanangu, na kesho vaa lile gauni lako jeusi.

Kesho! Nimepakia soksi katika sanduku dogo, kwa tahadhari tu. Kisha nimezitoa. Kisha nimezirudisha.

Jumamosi, 30 Mei

Nitaandika kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa.

Saa mbili asubuhi gari la Mama Mkubwa Zelpha lilisimama mbele ya nyumba. Nilikuwa nimesimama kando ya tuta, gauni jeusi, nywele zimechanwa, mikono nyuma. Alishuka na kofia yake ya shela. Alitazama chini ya mjozi. Kikapu kikamponyoka.

Nikasema shikamoo, Mama Mkubwa. Nikasema Baba alifanya kazi ngumu sana hapa.

Alipiga magoti! Juu ya mawe yangu meupe! Alinivuta kifuani mpaka pini yake ya pambo ikanichapa shavu, akalia kwa sauti. Nilifikiri, basi ndivyo watu wa mjini wanavyofurahi wakiona peoni. Nikampapasa mgongo. Nikamwambia kuna zaidi kwa Bibi Hulda.

Kisha watu wakaanza kuvuka kutoka makaburini, ambako ni karibu tu na kwetu. Wote wamevaa nguo nzuri, wameshika maua. Mama Stroud na bakuli la saladi ya viazi. Bibi Hulda na pai ya matufaha makavu. Wanaume kofia mikononi. Walitengeneza nusu duara kuzunguka tuta langu, na mtu akaanza kuomba sala.

Hapo ndipo nilipolitazama tuta tena, kwa macho yao. Urefu wake. Udongo mpya. Mawe meupe. Chupa zilizozama. Kibao.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Lakini ulimi ulikauka kama azalia, na Mama Mkubwa alikuwa amesimama, ananishika bega, anawahutubia watu.

Alisema: “Nilimwonea shemeji yangu, jamani. Nilimwita gogo. Nilimwita gogo mbele ya mtoto wake! Kumbe huyu ndiye aliyekesha na mdogo wangu majira yote ya baridi, mimi nilituma kadi. Na hebu mtazameni mtoto alivyolelewa: amemzika baba yake na bado anasema shikamoo!” Watu wakaguna kwa huzuni. Akaendelea: “Mungu ni shahidi wangu, Orville angekuwa hai leo, ningemwachia mtoto huyu. Ningemwachia mpaka akue, na nisingefungua tena mdomo wangu.”

Nilisikia kila neno. Nilisikia pia geti likilia.

Baba! Ana magunia mawili yaliyolowa maji mabegani, suruali imejaa vumbi la mbao. Aliona umati uani kwake umeinamisha vichwa. Akaweka magunia chini, akavua kofia kama wengine, akasimama nyuma kabisa, karibu na Bwana Stroud. Alimnong'oneza: nani amefariki?

Bwana Stroud alimjibu bila kugeuka kwamba ni Orville Tackett, maskini, ghafla tu.

Baba alifikiri. Akasema hakusikia hata kwamba anaumwa. Bwana Stroud akasema hata yeye. Kisha akageuka.

Sitaandika ukelele aliopiga. Ni mwanaume mkubwa na ana watoto.

Mama Stroud alidondosha saladi. Twila alipanda juu ya uzio. Mama Mkubwa Zelpha alipita katikati ya watu, akamtazama Baba juu mpaka chini, akauliza kama yu hai. Baba akasema nadhani. “Unadhani!” Akampiga kwa mkoba. Mara tatu. Alipiga kelele kwamba amesema mazuri! Amesema mazuri yote, mbele za watu, na hayarudi!

Nililia. Nikaeleza kila kitu, kuanzia petunia. Nikamwomba radhi Mama Mkubwa, na Baba, na Bwana Stroud. Nilisema nitakwenda kuchukua sanduku langu.

Mama Mkubwa alikuwa anarekebisha kofia. Akasema naam, kalichukue, kwa sababu hii ndiyo aina ya mambo hasa...

Hapo Bibi Hulda akagonga fimbo chini. Alisema polepole, huku anakata pai, kwamba katika bonde hili neno lililosemwa juu ya kaburi halirudishwi. Mama Mkubwa akasema kaburi lenyewe ni tupu! Bibi Hulda akasema neno ni neno, na masikio yaliyolisikia hayakuwa matupu. Watu kama ishirini waliitikia kwa vichwa. Bwana Stroud, uso bado mweupe kwa woga, akasema ni kweli, ndivyo ilivyo.

Nilimuuliza Bibi Hulda baadaye kama hakujua kwamba Baba yuko kazini. Si nililala kwake? Akasema alijua vizuri sana. Ila si vema kumkatiza mtu anayesema mema. Hutokea mara chache.

Mama Mkubwa alikula vipande viwili vya pai kwa hasira. Kisha tukaenda makaburini tukapeleka kwa Mama maua yote ya zile chupa kumi na mbili.

Jioni Baba alifungua magunia. Kangaga. Floksi. Mayungiyungi ya mtaroni. Ule mmea uliopinda kama msomaji. Alisema kule kiwandani mijozi imejaa, na hivi vilikuwa vimesimama chini yake. Alivichimba wakati wa chakula. Alivipanda mwenyewe upande wa pili wa shina, mbele ya dirisha la jikoni. Alisema alipaswa kumchimbia Mama vilevile, lakini siku zile hakuwa anatazama chini.

Nilihesabu maneno, nikapoteza hesabu.

Kisha, akiwa bado amepiga magoti, alisema alikusudia kumwambia Zelpha hapana. Tangu barua ilipofika. Alikuwa bado anatafuta namna ya kulisema.

Nikamwambia asante, Baba.

Niliziba mdomo kwa mikono miwili. Nilikuwa nimechelewa.

Jumanne, 2 Juni

Mama Mkubwa Zelpha aliondoka Jumapili. Kabla ya kupanda gari alinipa miche sita ya nyanya ya kwake mwenyewe, ndani ya kopo la kahawa. Nilikaza taya. Nilitazama mawingu. Nikasema mvua inaweza kunyesha.

Alingoja. Alingoja sana. Kisha akamwambia Baba kwamba adabu ya mtoto huyu imeanza kuoza, kwamba ahadi yake ni ya kumwachia mtoto na si ya kufumba macho, na kwamba atakuja Agosti kula nyanya ya kwanza na kuona mambo yamefikia wapi.

Agosti! Naogopa. Lakini safari hii nimejiandaa, kwa sababu hatimaye nimeelewa. Nimepitia shajara yote kwa makini. Petunia nilizishukuru: zilikufa. Nyanya za kwanza, asante ya mbwa. Azalia, barua. Kila kilichokufa kilishukuriwa. Habari za sumu ya mjozi zinaweza kuwa kweli kwa watu wengine.

Nyanya hizi hazikushukuriwa na mtu yeyote. Kwa hiyo nimezipanda zote sita chini ya mjozi, juu ya tuta, mahali pa heshima. Twila alitazama kutoka kwenye uzio akauliza nani tena.

Mimea ya Baba ndiyo inayonihuzunisha. Kila asubuhi inasimama wima, kijani kibichi, floksi imetoa jani jipya. Najua ni nguvu ya mwisho tu kabla ya kufa. Sijui nitamwambiaje. Nimeficha kwa Bibi Hulda chupa tano, ikihitajika kuyasimamisha majani.

Nyanya zimelala kidogo mchana huu, na majani yamejikunja. Ni jua tu.